Jezi za 2027 zinakuja, lakini timu yenu itafika Septemba?

Kama timu yenu ya mtaa bado haijaletewa jezi mpya, tulieni. Zinakuja. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 10, 2027, na kabla ya siku hiyo kila anayemezea mate kiti, kuanzia udiwani kwenda juu, atakumbuka ghafla kwamba Jumapili alasiri kuna umati wa vijana wenye kura unaosimama pembeni mwa uwanja wa vumbi. Atakuja na mipira mitatu, jezi zenye jina lake mgongoni na kombe refu linalong'aa. Mtapiga picha. DJ atakuwepo. Fainali itacheleweshwa saa mbili kwa sababu mheshimiwa amekwama kwenye mazishi mahali fulani.

Mwaka huo huo Kenya, Uganda na Tanzania ndizo wenyeji wa AFCON. Kwa hivyo mapenzi ya wanasiasa kwa kandanda yatapanda maradufu.

Sisemi mkatae jezi. Jezi ni jezi, na msee aliyecheza msimu mzima na fulana ya kuazima hatakuelewa ukianza kumhubiria kuhusu msimamo. Ninachotaka tujadili ni Septemba 2027. Kombe liko juu ya kabati la mtu, simu ya mheshimiwa haishikwi, na ligi ya kaunti ndogo inaanza wiki ijayo. Nani atawalipa marefa?

Hebu tuangalie pesa ziko wapi kwanza. Pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, serikali inajenga uwanja wa Talanta wa mashabiki 60,000, na dhamana ya kugharamia ujenzi huo iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025 ilikuwa ya zaidi ya Sh44 bilioni. Agosti 2025, Harambee Stars walipocheza CHAN nyumbani, Rais aliahidi kila mchezaji Sh1 milioni kwa kila ushindi hatua ya makundi, na vijana wakafika robo fainali baada ya kuwapiga hata Morocco. Tulipiga kelele sote, mimi nikiwemo, na tiketi ya AFCON nitaipangia foleni kama wewe. Lakini pesa hizo hazishuki hadi kwenu. Uwanja wa Talanta hautanunua chokaa ya kuchora mistari Dandora, wala bonasi ya Stars haitalipia matatu ya kwenda mechi ya ugenini Ruiru. Timu ya mtaa hujilisha yenyewe au inakufa, na nyingi zinakufa.

Zinakufaje? Ukiuliza, utaambiwa ni kukosa mdhamini. Jibu hilo linaingia akilini haraka, lakini historia ya soka yetu inalikataa. Oserian Fastac, timu ya kampuni ya maua ya Naivasha, ilikuwa bingwa wa Kenya 2001 na tena 2002. Leo ukimuuliza kijana wa miaka 20 kuihusu atakuangalia tu, kwa sababu timu ilivunjwa na hakukuwa na mtu mwingine wa kuibeba. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ligi 2006 ikiwa na kiwanda kizima cha sukari nyuma yake. Mwaka 2019 iliondolewa kwenye Ligi Kuu kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Bingwa wa zamani, anafukuzwa kwa kukosa nauli! Mwaka huo huo SportPesa ilipogombana na serikali kuhusu leseni na kodi, ilifuta udhamini wake wote wa michezo nchini, na Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote, zikabaki zikizungusha kofia.

Hizo zote zilikuwa na wadhamini. Kilichoziangusha ni kuwa na mkono mmoja unaolisha. Sasa shusha hadithi hiyo hadi mtaani kwenu. Mkono mmoja ni kocha mwenye duka la vifaa vya ujenzi, au yule kaka mkubwa anayefanya kazi benki na hawezi kuona vijana wakikosa mpira. Analipa kila kitu kutoka mfukoni. Miaka mitatu, minne, mambo ni poa. Kisha anaoa, au duka linayumba, au anapata kazi Doha na kuondoka na laini ya simu ambayo ndiyo ilikuwa M-Pesa ya timu. Kufikia Krismasi hakuna timu. Na hakuna wa kumlaumu, manake alitoa zaidi ya yeyote.

Kwa hivyo hebu tupige hesabu ambayo timu nyingi hukwepa, kwa sababu ikishaandikwa haiwezi kufichwa. Nambari hizi ni za mfano, weka zenu. Tuseme mechi ya nyumbani inakula Sh6,000 ukijumlisha marefa, huduma ya kwanza, chokaa, maji na kufua jezi. Ya ugenini inakula Sh9,000 kwa sababu ya matatu. Msimu una mechi 24, nusu nyumbani, nusu nje. Hiyo ni Sh72,000 na Sh108,000, jumla Sh180,000. Ongeza Sh60,000 za ada ya ligi, usajili wa wachezaji, mipira na jezi seti moja. Mwaka mzima ni Sh240,000. Ukigawanya kwa miezi kumi na miwili, ni Sh20,000 kwa mwezi.

Angalia nambari hiyo ya mwisho vizuri. Ukimtajia mtu mmoja laki mbili na elfu arobaini, atashika kichwa. Lakini Sh20,000 kwa mwezi ni watu 100 wakitoa soo mbili kila mmoja. Soo mbili kwa mwezi ni chini ya bando la wiki kwa wengi wenu, na kuna watu kwenye benchi yenu ambao huweka mkeka wa pesa hizo kabla ya saa sita Jumamosi.

Watu 100 watatoka wapi? Wachezaji ni kama 22. Waliowahi kuchezea timu hiyo tangu ianze ni wengi kuliko mnavyodhani, na baadhi yao wako Dubai na Qatar wakiangalia klipu zenu usiku na kukosa pa kutuma kitu. Ongeza wazazi wa watoto wanaofanya mazoezi Jumamosi, kinyozi, mwenye kibanda cha chipsi anayeuza mara tatu siku ya mechi, na wale wazee wanne ambao hawakosi na hujua kuliko kocha. Waandike kwa majina. Wape kadi, hata ya karatasi ngumu tu. Mwenye kadi ana kura kwenye mkutano wa mwaka, na mwenye kura hukasirika kabla timu haijafa, wakati bado kuna cha kuokoa.

Tuseme ukweli pia: kati ya hao 100, sitini ndio watalipa mara kwa mara, na hao sitini mtawafuata kama askari wa kaunti anavyofuata wachuuzi. Hiyo ni Sh12,000. Zinabaki Sh8,000 za kutafuta kila mwezi, na hapo ndipo kazi ya kuosha magari, kuzoa taka za ploti, kuuza jezi za mashabiki, na mashindano ya likizo yenye ada ya kuingia huwa na maana. Kazi hizo zinazibia pengo dogo linalojulikana. Timu nyingi hufanya kinyume: zinaanza na kuosha magari bila kujua pengo ni kubwa kiasi gani, vijana wanachoka, wanaachana nayo.

Kuna watu watakaokwambia wazo la wanachama kulipa ni la Ulaya. Si kweli, na mnajua si kweli, kwa sababu mama zenu wamekuwa wakiliendesha sebuleni. Linaitwa chama. Wanawake ambao hawajawahi kusomea uhasibu wanakusanya pesa kila Alhamisi ya pili, wanaandika kwenye daftari, wanatoza faini ya kuchelewa, na mkopo usiporudi wanajua pa kwenda. Timu ya mtaa ikiendeshwa kwa nidhamu ya chama cha akina mama itaishi kuliko ile ya tajiri. Mkitaka kuanza leo, mwombeni mmoja wao awe mweka hazina. Nasema hivi bila utani. Kocha asishike pesa hata awe malaika, kwa sababu siku timu ikifungwa tano bila, watu wataanza kuuliza habari ya pesa, na kocha atakuwa anajibu maswali mawili kwa mdomo mmoja.

Uwazi nao hauhitaji ofisi. Kila Jumapili usiku, kwenye kundi la WhatsApp, mweka hazina anatuma picha ya daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Basi. Wiki ambayo picha haikutumwa, mtu aulize. Nimeona mbogi zikivunjika kwa ajili ya Sh1,500 ambazo hata hazikuibwa. Hakuna aliyekumbuka tu kwamba zilinunua neti.

Kama mnataka mfano wa kienyeji wa timu iliyojengwa na mtaa wenyewe, uko Mathare. MYSA ilianzishwa 1987, na kitu kilichoifanya iwe tofauti tangu mwanzo ni kwamba timu zilikuwa zikipata pointi kwenye ligi kwa kusafisha mtaa. Usipofika kwenye usafi, jedwali linakuumbua hata kama una mfungaji hatari. Vijana waliojitolea kufunza na kuchezesha wenzao walikusanya pointi ambazo ziligeuzwa kuwa karo ya shule. Kutoka hapo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na 2008 wakawa mabingwa wa Kenya. Ndiyo, walipata wafadhili kutoka ng'ambo, hasa Norway, na si haki kulificha hilo. Ila wafadhili walikuta kitu kinachotembea tayari. Mtu hutoa pesa kwa kitu chenye daftari, ratiba na watu wanaofika kwa wakati. Kwa hivyo wanaosema "tukipata mdhamini tutajipanga" wameshika mkia wa ng'ombe wakidhani ni kichwa.

Sasa twende kwa karatasi, sehemu inayoboesha wengi na ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye pesa zilizofichika. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu isajiliwe na Msajili wa Michezo. Kundi la vijana linaweza pia kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022. Bila cheti hamfungui akaunti ya benki yenye sahihi za watu watatu, na bila akaunti kampuni yoyote inayojiheshimu haitawatumia pesa. Hadi hapo wengi wanajua. Kinachosahaulika ni usajili wa wachezaji wenyewe, mmoja mmoja, kwenye mfumo wa shirikisho, tangu wakiwa wadogo.

Sikiza kwa nini. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa klabu zilizomlea, kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Hata klabu ya ridhaa imo. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei. Kila msimu wa 16 hadi 23, asilimia 0.5. Chukua kijana wenu aliyekaa nanyi kuanzia miaka 14 hadi 17, kisha siku moja, akiwa ameshapitia klabu mbili tatu, anauzwa kwa Sh100 milioni. Misimu miwili ya kwanza inawapa Sh500,000, miwili ya mwisho Sh1 milioni. Jumla Sh1.5 milioni. Kwa bajeti yetu ya mfano, hiyo ni zaidi ya miaka sita ya uhai.

Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, bei ilitajwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa kanuni hiyo, msimu mmoja tu wa malezi baada ya miaka 16 ulikuwa na thamani ya pauni 62,500, takriban Sh8 milioni kwa wakati huo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu kinachokusanya na kugawa malipo haya, na kinafuata rekodi za usajili za mchezaji. Ikiwa kijana alicheza kwenu miaka minne kwa jina la utani bila kadi, kwenye rekodi hizo hakuwahi kuwa kwenu. Mtabaki mkimwonyesha mjukuu wenu picha ya zamani mkisema "huyu tulimlea sisi."

Lakini usiende kujenga bajeti juu ya Wanyama. Wachezaji kama yeye huja mmoja kwa kizazi, na klabu inayoendeshwa kwa kumngoja haitofautiani na yule jamaa wa mkeka. Sajili kila mtoto kwa sababu ni haki yake kuwa na rekodi, halafu uendelee na soo mbili zako. Na usajili wasichana pia. Timu ya wasichana wa chini ya miaka 17 ndiyo ya kwanza ya soka kutoka Kenya kuwahi kucheza Kombe la Dunia, kule Jamhuri ya Dominika 2024, wakati wanaume bado tunaimba "next time." Klabu isiyo na timu ya wasichana inafungia nje nusu ya wazazi wa mtaa, ambao ni nusu ya wanachama.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi kwa sauti. Mchezaji asiye na nauli ya kurudi nyumbani ni rahisi kununuliwa. Mwaka 2021 FIFA iliifukuza Zoo FC ya Kericho kutoka Ligi Kuu kwa upangaji wa matokeo. Hiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa, yenye kamera. Huko chini ambako hakuna kamera, mtu anaweza kumwita golikipa kando ya choo cha uwanja na kumpa thao tatu. Wengi hutaka kulitibu hili kwa mahubiri. Mahubiri yana nafasi yake, lakini nauli na chakula baada ya mechi, vinavyolipwa kwa uhakika kila wiki hata kama ni kidogo, vinamlinda golikipa zaidi. Weka nauli ya wachezaji juu ya bajeti, kabla ya jezi za pili.

Na sasa tumrudie mheshimiwa, maana atakuja tu. Timu iliyo na wanachama, daftari na akaunti humpokea tofauti. Mkutano unaamua, si mwenyekiti peke yake akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Pesa zinaingia kwenye akaunti na picha ya daftari inatumwa Jumapili kama kawaida. Jina la timu halibadilishwi kuwa lake. Na mshindani wake akileta mipira wiki ijayo, anapokelewa kwa adabu ile ile. Wachezaji wenu watapiga kura pande tofauti, na Jumatatu baada ya uchaguzi lazima waweze kupeana pasi. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo tumeona mitaa ikigawanyika kwa ajili ya watu ambao wenyewe hula pamoja.

Tena msimwombe jezi. Jezi mnaweza kununua kwa soo mbili zenu. Kitu ambacho hamwezi kununua, na ambacho yeye au kaunti yake inaweza kuwapa, ni uwanja. Mashindano ya Koth Biro yamejaza watu Ziwani kila mwisho wa mwaka tangu miaka ya 1970 yakiwa na kila aina ya uhaba, isipokuwa kimoja: pa kuchezea pamekuwepo. Viwanja vingapi vya mtaani kwenu vimegeuka kuwa maegesho, kanisa, au ukuta wa mabati wenye maandishi "mali ya kibinafsi"? Mdhamini akiondoka mtapata mwingine. Uwanja ukinyakuliwa, timu zote za eneo hilo zinakufa kwa siku moja, zenye daftari na zisizo na daftari.

Katiba imeziachia kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Kwa hivyo akisimama mbele yenu na kipaza sauti, muulizeni mambo matatu mbele ya watu: uwanja huu umesajiliwa kwa jina la nani, mipaka yake iliwekwa alama lini, na bunge la kaunti limetenga pesa ngapi kuutengeneza mwaka huu wa fedha. Mwambieni alete nakala ya hati pamoja na lile kombe. Akijibu kwamba atalishughulikia, katibu aandike tarehe.